Mwaka Tuliogombania Bango

Tulimzika Projestus kwenye kibanja chake huko Nyaishozi, pembeni ya migomba aliyoipanda mwenyewe, na nikarudi nyumbani nimeudhika kuliko nilivyohuzunika. Wasifu ulisomwa na mpwa wake, kijana mwenye sauti nzuri, na ndani yake mlisemwa kwamba marehemu enzi za ujana "alishiriki harakati za kuunga mkono ukombozi wa kusini mwa Afrika". Basi, wasifu ukaingia kwenye ndoa na watoto. Domitila alikuwa ameketi nami kwenye mkeka, miguu ameinyoosha kwa sababu ya magoti, akaniuliza kwa sauti iliyowageuza wanawake wote waliokuwa mbele yetu, "Na ghala? Mbona ghala halimo?" Nikamwambia anyamaze, tuko msibani. Akanijibu kwamba hata marehemu mwenyewe angefufuka angeupinga wasifu ule, na angeanza na uandishi wake. Hilo lilikuwa kweli.

Jioni ile nikafungua simu, na hapo ndipo hasira ilipokamilika. Sisi tuliosoma pamoja chuoni tuna kundi letu la simu, la wazee watupu, wengi wastaafu. Fidelis, anayeishi Bukoba siku hizi, alikuwa ameandika maneno marefu kwamba Projestus alikuwa mpigania haki wa kweli na mfano wa kuigwa. Fidelis huyohuyo. Miezi michache nyuma mwenzetu mmoja alileta picha za watoto wa vita ya mbali, akaomba tuandike tamko dogo tulipeleke kanisani lisomwe. Fidelis akajibu, "Tuanze na ya nyumbani kwanza." Wiki haikuisha, mwingine akaleta habari ya kijana wa jirani yake aliyechukuliwa na watu wasiojulikana, mama yake anazunguka vituoni na hapewi jibu. Fidelis akajibu, "Jamani, tusilete siasa kwenye kundi." Nilitaka kuitupa simu kwenye mbolea. Kilichoniudhi hasa ni kwamba majibu hayo mawili niliyajua. Niliyasikia yote, kutoka mdomo huohuo, mwaka ule nilipokuwa na umri wa miaka ishirini.

Chuo chetu kilikuwa kidogo, mwendo wa kutembea kutoka barabara ya Nyaishozi: majengo manne ya matofali, bustani ya mboga, na banda la mabanzi lililokuwa jiko upande mmoja na chumba cha cherehani upande wa pili. Wasichana tulifunzwa ushonaji na mapishi, wavulana useremala, na wote kilimo. Chumba cha cherehani ndicho kilichokuwa na meza kubwa ya kukatia vitambaa, kwa hiyo mambo yote ya maana yalifanyika humo: mitihani, kamati, hata ibada mvua ikinyesha. Kilinuka mafuta ya mashine na moshi. Kupitia mabanzi ulisikia kila kilichosemwa jikoni, na jikoni walisikia kila kilichosemwa kwetu. Mama Justa, mpishi, alikuwa akiingilia mijadala yetu kutoka upande wa pili bila kuacha kumenya ndizi. Tulikula ndizi na maharage mchana, maharage na ndizi usiku, na Jumapili Mama Justa aliongeza karanga za kutwanga, akatutazama tukila kama mtu anayetazama mvua ikinyesha shambani kwake.

Projestus alikuwa mwenyekiti wa kamati ya vijana. Mrefu, mwembamba, shati moja jeupe alilolifua kila jioni na kulivaa kila asubuhi. Alikuwa na redio ndogo, na kwa redio ile alijua mambo ya Afrika Kusini kuliko alivyojua ya Bukoba. Alijua nani amekamatwa, nani amepigwa risasi, mtaa gani umechomwa. Akisimulia, machozi yalimlengalenga, na hayakuwa ya kuigiza. Niseme hivyo mapema, kwa sababu Domitila alipenda kusema yalikuwa ya kuigiza. Mwaka ule aliamua tufanye maandamano makubwa ya kupinga makaburu. Tungetoka chuoni, tupite barabarani, tuishie uwanja wa mpira ambako mgeni rasmi kutoka wilayani angepokea risala. Kibali kiliombwa, kibali kikatoka. Tukaanza kufanya mazoezi ya nyimbo. Wimbo mmoja ulisema wafungwa wa kusini wafunguliwe milango, warudi kwa mama zao, na tuliupenda sana kwa sababu uliimbika hata mtu akiwa amebeba debe la maji kichwani.

Domitila alikuwa mwenzangu wa chumba. Kitanda chake na changu vilitenganishwa na sanduku, na juu ya sanduku tuliweka taa. Alikuwa mfupi, mwepesi wa kazi, na ulimi wake ulikuwa mwepesi zaidi. Alitoka Kibingo, siku hizo Kyerwa ikiwa bado ni sehemu ya Karagwe, na huko alilelewa na Laurian, baba yake mdogo, mkulima wa kahawa. Wiki chache kabla ya maandamano Laurian alikamatwa. Alikuwa na magunia ya kahawa anayapeleka mpakani kuuza Uganda, na sitaki kumfanya malaika: magendo yalikuwa magendo. Lakini hakupelekwa polisi. Yeye na wenzake walipitishwa mpaka kwenye kijiji tulikokuwa tukisoma, wakafungiwa kwenye ghala la kahawa lililokuwa kando ya barabara, mlango wa bati, dirisha hakuna. Mgambo waliwalinda. Siku zikapita, hakimu hajawaona. Domitila alikuwa akiomba ndizi kwa Mama Justa, anazifunga kwenye jani, anapeleka. Mgambo walipokea chakula, wakamwambia aende, na hakujua kama kilifika ndani.

Ndipo alipokuja kwenye kamati na ombi lake. Alitaka bango la pili, dogo tu, liandikwe kwamba wafungwa wa ghalani nao wafikishwe mahakamani. Nakumbuka alivyosimama mwisho wa meza ya kukatia, mkono juu ya mkasi.

"Domitila," Projestus akasema, "nakuelewa. Lakini kibali tulichopewa ni cha kusini. Tukiongeza la ghala, kibali kitafutwa asubuhi hiyohiyo, na maandamano hayatakuwepo. Hapo utakuwa umemsaidia nani?"

"Na nikiimba wafungwa wafunguliwe huku napita mbele ya mlango alikofungwa aliyenilea, nitakuwa namwimbia nani?"

"Kule watu wanakufa."

"Kule kaburu hakusikii, Projestus. Huyu wa hapa anakusikia, ndiyo maana unamwogopa."

Projestus akavua miwani, akaifuta na shati. Alisema hamwogopi mtu, ila jambo kubwa lisichanganywe na dogo. Domitila akamuuliza kipimo anachotumia kupimia watu kama ni kibaba au debe. Na hapo Fidelis, aliyekuwa katibu wa kamati, akatoa maneno ambayo ameyatumia maisha yake yote. Alisema kimsingi anakubaliana na Domitila kwamba tuanze na ya nyumbani. Ila kwa kuwa ya kusini yamekwishaanza, tuyamalize kwanza. Nikamwuliza ya kusini yataisha lini. Akasema hilo liingizwe kwenye ajenda ya kikao kijacho.

Vikao vilivyofuata sina hamu ya kuvihesabu. Nikivikumbuka leo, na umri huu, bado nasikia mikono ikiniwasha. Walibishana kama neno liwe "unyama" au "ukatili". Walibishana kama bango la Domitila likiwekwa nyuma kabisa litahesabiwa kuwa ni bango. Projestus alikuwa na hoja. Ni kweli kibali kingefutwa. Domitila alikuwa na hoja. Ni kweli tungepita mbele ya mlango ule. Kila mmoja alijua mwenzake ana hoja, na hilo ndilo lililowafanya wapaze sauti. Jioni moja nilichoka nikaenda jikoni kuwachukulia chai, nikamkuta mgambo mmoja ameketi kwenye kigoda cha Mama Justa, anakula. Walikuwa wakija mara kwa mara, na Mama Justa hakuweza kuwanyima. Alikuwa kijana wa rika letu, mdomo umejaa, akimsimulia habari za kazi kama mtu wa kazi yoyote ile.

"Yule mzee wa Kibingo," alisema, "nyayo zake ngumu. Tumempiga mpaka fimbo ikavunjika, hataji mtu. Sasa hasimami."

Mama Justa alimnyang'anya sahani ikiwa bado na chakula, akamwaga ndizi kwenye ndoo ya nguruwe, akaendelea kumenya. Kijana alibaki ametoa macho. Na kutoka upande wa pili wa mabanzi, sauti ya Fidelis ilikuwa ikisema, polepole na kwa ufasaha, kwamba anapendekeza neno "ukatili" kwa sababu "unyama" ni kuwaonea wanyama, na watu wakacheka.

Nilirudi na birika nikawaambia nilichokisikia, maana wao kwa ubishi wao hawakukisikia. Nilimwambia Domitila mbele ya wote, kwa sababu nilijua nikimwambia chumbani atatoka usiku ule akapigane na mtu mwenye fimbo. Hakulia. Alikaa chini, akaanza kukunja kipande cha kitambaa, akakikunjua, akakikunja tena. Projestus alikuwa ameinama. Mwishowe kamati ikafikia mapatano, na mapatano yale yananiudhi mpaka leo kuliko hata ubishi uliotangulia. Liandikwe bango moja tu, kubwa, lenye maneno HAKI KILA MAHALI. Projestus angelielewa kwamba ni kusini, Domitila angelielewa kwamba ni ghala, na katibu kata angelielewa anavyotaka. Fidelis alifurahi sana. Domitila alisimama, akasema, "Kila mahali ni mahali gani?" akatoka. Bango nililishona mimi, kwa shuka mbili za bwenini, na kila nilipopitisha sindano niliwaza kwamba sijapata kushona kitu kikubwa hivyo kisichofunika chochote.

Siku ya maandamano kulikuwa na ukungu wa asubuhi kama kawaida ya kwetu, na migomba ilikuwa ikidondosha maji. Domitila hakujipanga. Kitanda chake nilikikuta kimetandikwa, naye Mama Justa akaniambia amepita jikoni mapema, amechukua chakula. Mimi nilishika mti mmoja wa bango, Fidelis akashika mwingine. Projestus alitangulia mbele na risala yake mfukoni na shati lake jeupe. Watu wa njiani walitoka kutazama, watoto wakafuata, wanawake waliokuwa wakianika kahawa wakapiga vigelegele. Tuliimba vizuri, hilo halina ubishi. Tulipokaribia ghala tulikuwa kwenye ule wimbo wa wafungwa, na Domitila alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha mlango wa bati, furushi lake la jani mapajani, anatutazama tunavyokuja. Mgambo wawili walisimama kando wakiwa hawajui wamfanye nini, maana barabara ilikuwa imejaa watu.

Kisha bati likaanza kugongwa kutoka ndani.

Mwanzoni tulidhani ni ngoma yetu. Halafu tukasikia sauti za wanaume, zimekauka, zinaimba pamoja nasi. Walikuwa wameushika wimbo. Wafungwa wafunguliwe milango, warudi kwa mama zao. Walidhani tumekuja kwa ajili yao. Waliimba kwa furaha, na mmoja alikuwa akiita katikati ya wimbo, "Mmefika? Waitu, ndugu zetu, mmefika?" kama mtu anavyomwita mgeni aliyesubiriwa. Nikasimama. Fidelis hakusimama, bango likavutika katikati yetu mpaka mshono wangu ukaanza kuachia, naye akageuka akanong'ona, "Twende, Anatolia, mgeni rasmi anangoja." Nikamwambia asubiri. Wa nyuma wakatugonga migongo, wakasimama, na wimbo ukafifia kwetu huku ukiendelea mle ndani.

Katibu kata alikuwa anatusindikiza kwa baiskeli. Akaja mbele akiwa amekunja uso. "Mwenyekiti, mbona vijana wako wamesimama?"

Nilimtazama Projestus. Angeweza kusema tunapumzika. Wiki zote zile alikuwa ametueleza kwa nini tusisimame hapa, na kila sababu aliyoitoa ilikuwa bado ya kweli. Alitoa risala mfukoni, akaitazama, akamtazama Domitila, ambaye hakumsaidia hata kwa jicho.

"Ndugu katibu," alisema, "katika risala hii nimeandika kwamba tunalaani kufungwa kwa watu bila kufikishwa mbele ya hakimu. Humo ndani wamo watu ambao hawajafikishwa mbele ya hakimu. Nisipolisema hapa, kule uwanjani nitasoma nini?"

"Kibali chako ni cha Afrika Kusini."

"Najua. Nilikiomba mimi."

"Basi ondoa watu."

Projestus akakaa chini. Pale pale barabarani, kwenye tope, na shati lile. Nikakaa. Wakakaa wengine, si wote; wapo waliokwenda uwanjani, Fidelis akiwa mbele, amebeba bango peke yake, linamburuzikia nyuma kama shuka linalotolewa kuanikwa. Wanawake waliokuwa wanaanika kahawa wakavuka barabara wakaja kukaa karibu na Domitila. Hakuna aliyepiga kelele. Mle ndani nao waliacha kuimba, nadhani walikuwa wakisikiliza. Tulikaa mpaka jua likapanda na tope likaanza kukauka kwenye sketi zetu, na katibu kata alikwenda na baiskeli yake akarudi, akaenda tena, mara ya mwisho akarudi na gari la polisi. Tulidhani limekuja kutuchukua sisi. Lilikuja kuwachukua wale wa ghalani. Laurian alibebwa. Domitila alitembea kando yake hadi garini akishikilia furushi la chakula kifuani pake, na polisi mmoja, sijui kwa nini, akampakia naye.

Hakimu aliziona zile nyayo. Aliuliza maswali ambayo hakuna aliyetaka kuyajibu, kahawa ikataifishwa, na Laurian akaachiwa kwa onyo. Ghala lilirudi kuwa ghala, angalau muda wote niliokuwa pale. Projestus alifukuzwa chuo. Na ungedhani baada ya hapo yeye na Domitila wangepatana. Hapana. Siku Laurian alipotoka hospitali ya Nyakahanga alikofungwa bandeji, alipumzika jikoni kwa Mama Justa akisubiri usafiri wa kurudi Kibingo, na Projestus alikuja kumjulia hali akiwa na sanduku lake, yuko njiani kuondoka. Hakumaliza hata shikamoo. Domitila alimwambia kwamba amechelewa kusimama, fimbo zingeepukwa. Projestus akasema kama isingekuwa maandamano ya kusini kusingekuwa na umati, na bila umati Domitila angeketi pale kizingitini mpaka aote mvi. Domitila akasema ni yeye aliyewasimamisha watu. Projestus akasema ni wimbo. Wimbo wa nani? Wa kamati. Kamati ipi, ile ya unyama na ukatili? Nilikuwa nakuna nazi ya mgeni wa mwalimu mkuu, nikaona bora nijikune vidole nipate sababu ya kutoka.

Laurian alikuwa ameegemea ukuta, miguu yake juu ya gunia, anakula ndizi na maharage taratibu, na akitafuna aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Alisubiri wakavuta pumzi.

"Huo wimbo wenu," akasema. "Mle ndani niliusikia wote. Mlikuwa mnawataja watu wa kusini."

"Ndiyo, mzee," Projestus akasema kwa sauti ndogo.

"Nao wamefungwa?"

"Wamefungwa."

"Wamekwishatoka?"

Wale wawili wakatazamana.

"Bado, baba mdogo," Domitila akajibu.

Laurian akatikisa kichwa kwa masikitiko, kama mtu aliyepewa habari ya jirani. Akaweka sahani chini. "Basi mkienda tena kuwaandamania," akasema, "mniambie mapema. Nitalazimika kutangulia. Miguu hii ni ya polepole."